Ndani ya bomba la sindano kulikuwa na nini?

Siku ya tatu baada ya kuchomwa, goti la mjomba lilikuwa limejaa kama dafu. Lina moto, linang'aa, halikunjiki. Alinipigia simu kutoka Tandahimba saa kumi na moja alfajiri, sauti imemkauka. "Mpwa, wale waliniambia hii ni damu yangu mwenyewe, haina shida. Sasa mbona damu yangu inanipiga vita?"

Kwa sisi wa upande huu, tunaohesabu ukoo kwa mama, mjomba akipiga simu unaamka. Kuamka ni jambo moja, kuwa na jibu ni jingine. Nilichojua ni kwamba baada ya kulipwa korosho zake alipanda basi hadi Dar es Salaam, akaingia kliniki fulani, akatolewa damu, ikazungushwa kwenye mashine, kisha maji ya rangi ya manjano yakaingizwa kwenye goti lake la kulia. Matibabu hayo yanaitwa PRP, yaani plazma iliyosheheni chembe sahani, zile chembe za damu zinazogandisha jeraha. Nilipompigia mhudumu wa pale kumuuliza ni PRP ya namna gani, kama seli nyeupe zilikuwemo au ziliondolewa, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni PRP, kaka." Ni kama kumuuliza mtu leo mmepika mboga gani, naye akajibu, mboga.

Tangu siku hiyo nimekuwa na neno moja moyoni. PRP ni jina la kundi zima, na ndani ya kundi hilo kuna vitu vinavyofanya kazi tofauti, wakati mwingine vinavyopingana. Kinachovitofautisha zaidi ni seli nyeupe. Anayekuchoma bila kuzihesabu anakuuzia kitu ambacho hata yeye hakifahamu.

Chukua kichupa cha damu, tia dawa ya kuzuia isigande, kizungushe kwa kasi dakika kadhaa. Kikitoka kina matabaka. Chini zimelala chembe nyekundu, nzito, kama tope la Ruvuma wakati wa masika. Juu ni plazma, maji ya manjano yenye rangi ya chai ya mchaichai. Katikati kuna utando mwembamba wa rangi nyeupe inayoelekea kijivu, mwembamba kiasi kwamba asiyeelekezwa hauoni. Ubishi wote wa wataalamu umelala kwenye utando huo. Ndimo zilimo seli nyeupe, na ndipo chembe sahani nyingi zinapojikusanya.

Mwenye mkono mwepesi anaengua plazma ya juu peke yake. Anapata chembe sahani za wastani na seli nyeupe chache mno. Mwenye tamaa anazamisha sindano mpaka kwenye utando, anavuna chembe sahani nyingi, lakini seli nyeupe zinamfuata, na nyekundu kidogo pia. Aliyewahi kuacha tui la nazi likalala usiku kucha anaelewa: ukitaka lile zito la juu lote bila kubakiza, kijiko lazima kiguse maji ya chini. Mwaka 2009 kundi la watafiti lilichoka na mkanganyiko huu likapendekeza PRP zigawanywe makundi manne, kwa kuangalia kama seli nyeupe zimo au hazimo, na kwa wingi wa nyuzi za fibrini, yaani zile zinazogandisha damu. Miaka mingi imepita na bado mgonjwa anajibiwa "ni PRP, kaka."

Sasa seli nyeupe zina ubaya gani, na kwani si ndiyo askari wetu?

Hapa kwanza lugha inatupiga chenga. Seli hizo zinapopigana mwili unawaka, na neno tulilolizoea kwa hali hiyo ni "uvimbe," na mtu wa kijijini akisikia uvimbe anawaza saratani, au busha. Waandishi wa afya wamezoea siku hizi kusema mcharuko, na mimi nalipenda neno hilo kwa sababu lina mwendo ndani yake. Mwili unacharuka kama mtu aliyetukanwa. Warumi wa kale waliutambua kwa dalili nne: wekundu, joto, kuvimba, maumivu. Mama yeyote anayebangua korosho kwa mkono atakutajia hizo nne bila kusoma. Mafuta ya ganda yakimgusa, hata kama amejipaka majivu, ngozi inaiva, inafura, inababuka. Hakuna mdudu wala kijidudu aliyeingia. Mwili umeona umeunguzwa, umewaita walinzi wake, na walinzi hao ndio wanaoongeza moto kwenye kidonda.

Aliyewaona walinzi hao wakikusanyika alitumia mnyama ambaye watoto wa Msimbati na Mikindani humwokota maji yakitoka. Mwaka 1882, mjini Messina huko Italia, Élie Metchnikoff alichukua viluwiluwi wa kiti cha pweza, ambao miili yao inapenya mwanga kama kioo, akawachoma kwa miiba ya waridi. Kesho yake akakuta chembe zimeuzunguka mwiba pande zote, zinajaribu kuumeza. Kazi iliyoanzia hapo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1908, akishirikiana na Paul Ehrlich. Huwa nawaambia vijana ufukweni wasiwatupe ovyo viti vya pweza, wana heshima yao katika udaktari. Wananicheka.

Seli nyeupe si za namna moja. Wanaotangulia kufika kwenye jeraha ni nyutrofili. Hawa kazi yao ni kufyeka. Wanamwaga vimeng'enya vinavyokata kolajeni, ile kamba inayoshikilia gegedu (mfupa laini wa viungoni) na kano zetu (nyuzi zinazofunga misuli kwenye mifupa), na wanatoa kemikali za oksijeni zinazounguza kila kilicho karibu, kiwe kijidudu au nyama ya mwenyewe. Hawadumu; ni suala la saa au siku chache. Nyuma yao wanakuja monosaiti, wanaogeuka makrofeji na kula mabaki. Makrofeji wana tabia ya ajabu. Wanaanza wakiwa wafyekaji, halafu kazi ikienda vizuri wanabadilika kuwa wajenzi, wanaita mishipa mipya na kutuliza vurugu. Mcharuko usipoanza, uponyaji nao hauanzi. Mcharuko usipokoma, uponyaji haufiki mwisho.

Kwa mkulima wa huku hili halihitaji maelezo marefu. Ukitaka kulima pori unalifyeka, unachoma moto, majivu yanaingia ardhini, unapanda. Moto huo huo ukivuka mpaka ukaingia kwenye mikorosho inayozaa, umejiletea msiba. Moto ni ule ule, kilichobadilika ni mahali ulipowashwa.

Goti linalosagika ni shamba la mikorosho mikongwe. Gegedu haina mishipa ya damu, ikikatwa haioti upya kama ngozi, na mara nyingi utando wa ndani ya goti tayari una mcharuko wa chini chini, ndiyo maana goti linajaa maji na kukakamaa asubuhi. Kumwaga nyutrofili humo ni kuongeza wafyekaji mahali pasipo na cha kufyeka. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa 2014 yaliweka seli za utando wa goti la binadamu pamoja na PRP za aina mbalimbali. Yenye seli nyeupe nyingi iliua seli hizo na kuzifanya zitoe kemikali za mcharuko kuliko ile iliyosafishwa. Chembe nyekundu nazo zilifanya uharibifu wake.

Kano iliyochakaa kwa muda mrefu ni kitu kingine. Fikiria mvuvi wa Mikindani aliyevuta nyavu miaka ishirini, kano ya kiwiko imekufa ganzi ya aina yake: haina mcharuko wa maana, haijapona, nyuzi zimevurugika, damu haifiki vizuri. Hilo ni pori lililolala. Kulichokoza kwa seli nyeupe kunaweza kuwa ndiyo dawa. Jaribio moja la Marekani la mwaka 2014, lenye wagonjwa 230 wa kiwiko sugu, lilitumia PRP yenye seli nyeupe nyingi. Baada ya wiki 24, asilimia 84 ya waliopata PRP walihesabiwa wamefanikiwa, dhidi ya asilimia 68 ya waliochomwa dawa ya ganzi na kutobolewatobolewa kano vilevile. Tofauti ipo. Ila tazama ile 68 vizuri. Watu wawili kati ya watatu walipata nafuu bila tone la PRP. Na mwaka 2021 Waingereza walijaribu PRP kwenye kano ya kisigino kwa wagonjwa 240, wakalinganisha na sindano ya uongo, hawakuona faida.

Mpaka hapa hadithi inavutia: goti lipewe PRP isiyo na seli nyeupe, kano ipewe yenye nazo. Wapo wanaoiuza hivyo hivyo, na tangazo la "PRP safi" nimeliona kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyotaka. Mimi naikubali kama dira, sioni kama ni cheti cha kupona. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja uliotoka 2016 uliipa ile iliyosafishwa nafasi nzuri zaidi kwenye goti, lakini kwa upande wa maumivu na uvimbe baada ya sindano aina zote mbili zilikuwa sawa. Mwaka 2022 watafiti wa Italia waliziweka ana kwa ana kwenye magoti, mgonjwa na mpimaji wote wakiwa hawajui nani amepata ipi. Matokeo yalilingana. Na kabla ya hapo, 2021, Waaustralia walichukua watu 288 wenye goti linalosagika kiasi, nusu wakapata sindano tatu za PRP iliyopunguzwa seli nyeupe, nusu wakapata maji ya chumvi. Baada ya miezi 12 maumivu yalikuwa karibu sawa, na gegedu ilikuwa imepungua karibu sawa.

Watetezi wa PRP hawakukaa kimya. Walisema PRP ya Australia ilikuwa na chembe sahani chache mno, haikustahili hata jina lenyewe. Wanaweza kuwa na haki. Lakini hoja yao inarudi palepale ninaposimama mimi: basi hesabuni. Kama matokeo yanategemea idadi ya chembe sahani na seli nyeupe ndani ya bomba, inakuwaje mnachoma watu bila kujua idadi?

Na huku kwetu hesabu ina uzito zaidi kuliko wanavyofikiri huko zinakotoka mashine.

Damu ya kawaida ya mtu mzima ina chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita. Tuseme wa kwetu ana 200,000. Katika mililita 30 zilizotolewa mkononi zimo bilioni 6. Mashine ikifanikiwa kukamata asilimia 70, ni bilioni 4.2. Zikiwekwa kwenye mililita 5 za plazma, unapata 840,000 kwa mikrolita, zaidi ya mara nne ya damu yake. Hiyo ni PRP ya heshima. Sasa mlete mtu aliyetoka Tandahimba au Nachingwea mwezi wa pili, mvua imekolea, ana malaria. Malaria hushusha chembe sahani, na mtu mzima aliyekulia kwenye malaria anaweza kutembea nayo bila homa yoyote. Ana 90,000. Mashine ile ile, mkono ule ule, ustadi ule ule: inatoka 378,000. Yaani amelipia dawa ambayo wingi wa chembe zake jirani yake aliyebaki nyumbani anaparua nazi anaweza kuwa nao kwenye damu yake ya kawaida.

Upande wa seli nyeupe kuna jambo jingine ambalo sijasikia kliniki yoyote ikiligusa. Wengi wetu Waafrika tunazaliwa bila alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu, urithi ambao unatukinga na aina moja ya malaria. Tangu 2009 inajulikana kwamba urithi huo huo unakwenda pamoja na nyutrofili chache kwenye damu. Si ugonjwa, ndivyo tulivyo. Lakini maana yake ni kwamba mashine iliyopangwa kwa damu ya Bologna au Chicago, ikatangazwa kuwa inatoa PRP yenye nyutrofili nyingi, inaweza kutoa kitu kingine ikipewa damu ya Mmakonde au Mmwera. Na mwenye minyoo anakuja na eosinofili tele, aina nyingine ya seli nyeupe yenye sumu zake. Kijitabu cha mashine hakimjui mtu huyu.

Turudi kwa mjomba. Asubuhi ile nilimwambia asipake chochote, asikandwe, aende hospitali, kwa sababu kiungo kilichovimba baada ya sindano kinaweza kuwa kimeingiwa na wadudu, na hapo hakuna kusubiri. Daktari alimvuta maji ya goti, yakatoka ya manjano yenye ukungu, yakapelekwa maabara. Hayakuwa na vijidudu. Alipimwa malaria, akakutwa nayo. Picha kamili ya damu ilionyesha chembe sahani 118,000. Siku ile ya Dar zilikuwa ngapi hakuna anayejua, maana hazikuhesabiwa. Alipewa dawa mseto, akaambiwa goti liwekewe barafu na apumzike. Siku ya sita lilikuwa limerudi kawaida yake, yaani bovu kama zamani.

Na ukweli usemwe, hata sisi familia tuliharibu. Binamu yangu, kwa nia njema, alikuwa amekimbilia duka la dawa usiku ule wa kwanza akanunua diklofenaki. Dawa hizo zinazima mcharuko, na ndiyo sababu wanaochoma PRP kwa kawaida humkataza mgonjwa kuzitumia siku kadhaa kabla na baada; akizidiwa na maumivu hupewa panado. Kama unataka moto ufyeke, halafu unaumwagia maji, ulikuwa unafanya nini? Mjomba alikuwa anazimeza kila siku miezi miwili kabla ya safari. Hakuna aliyemuuliza. Angekuwa mtumiaji wa aspirini ingekuwa mbaya zaidi, kwa kuwa aspirini huilemaza chembe sahani kwa maisha yake yote, siku saba hadi kumi.

Kinachoniuma ni kwamba mjomba si mtu wa kudanganywa kwenye kipimo. Akifika ghalani na korosho zake, sampuli inatolewa, zinakatwa mbele ya watu, zinatazamwa nzima ngapi, zilizooza ngapi, unyevu umefika wapi, ndipo anaambiwa hii daraja la kwanza, hii la pili. Nimemwona akigombana nusu saa kwa sababu ya kilo mbili za mzani. Salfa ya mikorosho hainunui mpaka asome mfuko. Mtu huyo huyo alivua suruali, akalala, akaingizwa kitu gotini ambacho hakikuwa na karatasi hata moja ya kusema kilichomo.

Kupima si kazi ngumu. Mashine ya picha kamili ya damu ipo kwenye hospitali nyingi, na ile ile inayohesabu damu ya mkononi inaweza kuhesabu tone la plazma kabla halijaingia gotini. Ingetosha karatasi yenye mistari mitatu: chembe sahani ngapi, seli nyeupe ngapi, mililita ngapi zimechomwa. Pamoja na kipimo cha malaria kwa kila anayetoka ukanda wetu. Kliniki inayoona hilo ni usumbufu, mimi singeipa hata goti la mbuzi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nilimkuta barazani, amekaa kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza ukutani, mguu wa kulia ameunyoosha na kifundoni amefunga kifuko cha mchanga alichoshonewa na mkewe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwonyesha: inua, shikilia, shusha taratibu, mara kumi, pumzika, rudia. Zoezi la kuimarisha misuli ya paja ni jambo ambalo tafiti za goti hazibishani sana juu yake, na mchanga ni wa bure.

"Saba," alisema, anatoka jasho. "Wale wa Dar wamepiga simu. Wanasema nirudi sindano ya pili, punguzo lipo."

"Umewajibuje, mjomba?"

"Nimewauliza za kwanza zilikuwa ngapi." Akainua mguu. "Nane. Wamesema watanipigia."